Dawa ya Wanaokula Mara Tatu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa hapa Garissa, natazama saa kila dakika. Mbele yangu mama mfugaji kutoka Ijara aligonga cheti cha daktari kwa kidole.

"Hii 'tds pc' ni lugha gani?"

"Kilatini, mama," mfamasia akajibu. "Unameza mara tatu kwa siku, baada ya chakula."

"Chakula yetu ni jioni tu. Mchana ni maziwa."

"Dawa hii haipatani na maziwa."

"Basi huyo mtu wa Kilatini anakula sana, wallahi."

Hakuna aliyecheka. Mfamasia akachukua simu amtafute daktari, nasi tukasubiri. Cheti changu kiliandikwa vilevile, na sikuwahi kuuliza maana yake. Haraka yangu yote ilikuwa ya kuwahi chakula cha mchana.