Mtoto wa Mkunjaji Haendi

Pale kiwandani walikochapa vitabu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mkunjaji, ingawa wakunjaji walikuwa sita kwenye meza ile ndefu na kila mmoja angeweza kudai cheo hicho. Lakini vidole vyake vilikuwa vya peke yake. Karatasi ilitoka mashineni kubwa kama shuka la kitoto, imechapwa kurasa kumi na sita, nyingine zimesimama, nyingine kichwa chini. Asiyejua angesema mashine imelewa. Yeye aliikunja mara moja, akaikandamiza kwa kipande cha mfupa kilicholainishwa, akaikunja tena, akakandamiza, akaikunja mara ya tatu, na zile kurasa zilizokuwa zikipigana vichwa zikatulia kwa mpangilio, mmoja nyuma ya mwenzake. Mia tatu kabla ya chai. Msimamizi, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alizoea kusema, "Huyu mama hata mimi naogopa kumpita karibu, asije akanikunja."

Utaratibu wa meza ulikuwa kwamba kila mwanamke ana karatasi yake. Wa kwanza alikunja karatasi ya kwanza tu, wa pili ya pili, hivyo hivyo mpaka wa sita, kisha zote zikapelekwa kwa washonaji. Mkunjaji alikuwa wa tatu. Alikuwa amemaliza darasa la saba na macho yake hayakuweza kupita juu ya maandishi bila kusoma, basi alijua katikati ya vitabu vingi mno, mianzo na miisho hana habari. Wa sita alikuwa bibi mmoja mcheshi waliyemwita Mwisho wa Yote. "Mimi najua nani kafa na nani kaolewa," alikuwa akisema, "ila walikutana wapi, usiniulize."

Mtoto wake wa pili alipotimiza miezi mitano, kilikuja mezani kitabu cha watoto, hadithi ya mtoto wa mbwa mwitu aitwaye Doa, kwa sababu ya baka jeupe sikioni. Katika karatasi ya tatu Doa alikuwa keshapotea. Simba wamevamia, kundi limetawanyika, na yeye yuko nyikani peke yake, mguu umechubuka. Analamba umande kwenye majani. Anakula panzi, na panzi hawashibishi. Anajibanza ndani ya shimo la ngiri akingoja fisi wapite, pumzi ameiziba. Na humo shimoni anakumbuka kwao: wakubwa wanavyorudi kutoka mawindoni, wamewinda mchana kutwa, halafu wanasimama kando wanahema, na watoto wanakula kwanza mpaka matumbo yanajaa kama mipira.

Mkunjaji aliposoma hapo mkono ulisimama. Akamuuliza msimamizi kama ni kweli au ni chumvi ya mwandishi.

"Kweli kabisa. Mbwa mwitu wanawatanguliza watoto."

"Na bado wanaitwa mwitu," akasema Mkunjaji, akaendelea kukunja.

Yeye hakutangulizwa. Alikuwa wa nne kati ya saba. Alipokuwa na miaka tisa, na kitinda mimba amezaliwa, mama yake mkubwa alikuja kuwasalimia, na alipoondoka aliondoka naye, kama mtu anavyoondoka na kuku aliyepewa. Ilisemwa ni kwa muda tu. Muda wenyewe ulikuwa miaka sita. Hakupigwa sana wala hakulala njaa, hawezi kumsingizia mtu. Ila alikula baada ya wote, akasomea jikoni sufuria zikichemka, na siku moja aliporudi kwao kusalimia, yule mdogo wake wa mwisho alimtazama, akakimbilia ndani: "Mama! Kuna mgeni!" Neno lile lilimwingia mwilini, na halikutoka.

Basi alipozaa, aliweka nadhiri bila kumwambia mtu. Binti yake wa kwanza alikuwa na miaka minane, mwembamba, kila saa amebeba kitu kikubwa kuliko yeye, wakamwita Sisimizi. Sisimizi alikula mkekani pamoja na baba na mama. Aliuliza, akajibiwa. Majirani walisema huyo mtoto ataota pembe. Lakini tangu mdogo wake azaliwe, alikuwa amehamishwa kutoka kitandani kwa mama hadi kwenye godoro karibu na mlango, na asubuhi moja, akifunga viatu vya shule, aliuliza bila kuinua kichwa:

"Mama, mtoto mpya akija, wa zamani anawekwa wapi?"

Mama alikuwa ananyonyesha. Akamsimulia habari za Doa. Siku zilizofuata, kila mama akinyonyesha, Sisimizi alikuja kukaa magotini pake kudai hadithi. Karatasi ya tatu ikaisha. Ya nne na ya tano Mkunjaji hakuzijua, akazitunga. Kundi zima likawa linamtafuta Doa, mama yake yuko mbele, amenusa kila kichaka, amegoma kuwinda mpaka mtoto apatikane. Sisimizi alisikiliza mdomo wazi.

Siku ya Jumatano, mumewe, fundi rangi, alirudi kutoka kazini na habari, akaitoa huku anajisugua rangi kwenye kucha ili asimtazame mkewe. Dada yake mkubwa atakuja Jumamosi. Magoti yamemchosha, duka linataka mtu wa kushikashika. Anamtaka Sisimizi.

"Ukamjibuje?"

"Ningemjibuje? Yule ndiye aliyenilea."

Na ni kweli. Mama yao alipofariki, mume alikuwa mtoto wa miaka mitatu na dada yake kumi na moja. Dada aliacha shule, akamfunga mgongoni, akamkuza. Mbele yake yule mwanamume mwenye mabega ya kubeba ngazi mbili aligeuka kuwa kitoto kile kile cha mgongoni. Mkunjaji aliona wazi: kama kuna mtu wa kusema hapana, ni yeye peke yake.

Alhamisi kiwandani alikunja karatasi arobaini kinyume. Ukurasa wa thelathini na tatu ukaangukia mahali pa arobaini na nane, Doa akawa anatoka shimoni kabla hajaingia. Mwisho wa Yote ndiye aliyeona. "Mwenzangu, leo umemkunja nani kichwani?" Akaambiwa. Bibi akaguna, akachomoa kwenye lundo la zilizoharibika karatasi moja ya sita, wino umevuja pembeni tu. "Mpelekee mtoto mwisho wa hadithi yake. Walau apate hicho." Mkunjaji akaikunja, akaitia mfukoni. Kosa lake, na kosa hilo ni la wakunjaji tu, ni kwamba hakuisoma. Mikono yake ilikuwa imezoea kwamba mwisho si kazi yake.

Jumamosi wifi yake aliingia anahema, begi tupu mkononi. Lile begi tupu ndilo lililomkata Mkunjaji maini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba wifi. Mbona umekonda hivyo? Huyu mtoto ananyonya maziwa au ananyonya mifupa?"

Wakacheka. Chakula kikaja, nyama juu yake. Kabla baba hajanyoosha mkono, Sisimizi alikuwa keshachukua kipande.

"Ebo! Mkono wa mtoto unatangulia wa babake?"

"Kwa mbwa mwitu watoto ndio wanaoanza, shangazi."

"Kwa nani?"

"Mbwa mwitu."

Shangazi akamgeukia kaka yake. "Umesikia? Wenzako watoto wao wanafundwa na watu, wako kafundwa na mbwa." Fundi rangi alitaka kucheka, akajiuma mdomo. Dada yake akaendelea: "Samaki mkunje angali mbichi, wifi. Huyu mkimwachia hivi atakauka amenyooka."

"Kukunja ndiyo kazi yangu, dada," akasema Mkunjaji. "Karatasi ukiikunja vibaya, uikandamize utakavyo, ule mstari haufutiki."

Shangazi akamaliza tonge lake. Alinawa mikono, akasema kwa sauti ya mtu ambaye shauri limekwisha: "Haya, tufunge nguo zake. Mwaka mmoja tu, mpaka huyu mdogo atembee." Kisha, ili kumlainisha mtoto, akamwambia, "Nasikia unajua kusoma. Nisomee basi, nione kama nitapata karani wa duka."

Sisimizi akaleta karatasi ya sita, ambayo mama alimpa asubuhi ile na bado hajaisoma. Akasoma kidole kikifuata mstari, sauti yake imejaa fahari, kisha fahari ikapungua neno kwa neno:

"Kundi halikumtafuta Doa. Ndiyo sheria ya nyika, anayebaki nyuma hubaki. Lakini taabu ilimkomaza. Aliporudi hakuwa mtoto tena, alikuwa kiongozi."

Shangazi akapiga makofi. "Umeona? Hata vitabu vyenu vinasema! Taabu ndiyo inayokomaza."

Sisimizi hakumtazama shangazi. Alimtazama mama yake. "Mama, wewe ulisema walimtafuta."

Mkunjaji angeweza kusema ni hadithi tu. Akamweka mdogo begani, akasema:

"Nilisema. Na bado nasema. Aliyeandika hapo kaandika lake. Mimi nasema walimtafuta, maana mama yake alikuwepo."

"Wifi, usibishane na maandishi mbele ya mtoto."

"Nitabishana nayo, dada. Nayakunja kila siku, nayajua."

Shangazi akanyoosha mgongo, na mzaha ukamtoka usoni. "Sikiliza. Huyu mumeo nilimbeba nikiwa na miaka kumi na moja. Nilichota maji, nilipika, niliuza, yeye yuko mgongoni ananikojolea. Leo ni mtu. Mtoto anakuzwa na kazi."

"Najua, dada, na kwa hilo nakuheshimu kuliko mtu yeyote wa ukoo huu. Lakini wewe alikubeba nani?"

"Hakuna."

"Basi."

"Na sikufa."

"Hukufa. Na mimi nilitolewa nina miaka tisa, sikufa. Lakini kutokufa siyo kulelewa, dada." Akamhamishia mdogo bega la pili. "Doa alipotea. Kupotea ni bahati mbaya. Huyu hajapotea, yuko hapa, mnataka kumtoa kwa mikono yenu. Haya, tumuulize mwenyewe."

"Mtoto anaulizwa tangu lini?"

"Tangu leo."

Wote wakamgeukia Sisimizi. Alikuwa bado ameshika karatasi. Akafikiri, uso umekunjamana kama wa mtu mzima anayechagua nyanya sokoni.

"Nikienda, narudi siku gani?"

"Mtoto wewe! Hata hujaenda unauliza kurudi?"

"Siku gani, shangazi?"

Shangazi akalivuta begi lake karibu. "Tutaona," akasema.

Mkunjaji aliifahamu hiyo tutaona. Aliishi nayo miaka sita.

"Haendi," akasema.

"Mke wangu, taratibu..." mume akaanza.

"Haendi, baba watoto. Na kama ni lazima lile begi lijazwe, liletwe kubwa zaidi, tutaingia wote watatu, mimi na watoto."

Fundi rangi akautazama ukuta wa chumba chake mwenyewe kama anayetafuta mahali rangi ilipochuruzika. Shangazi akasimama kwa tabu, goti moja kisha la pili, akachukua begi lake likiwa tupu vile vile. Mlangoni akasema kwamba yeye kwenye nyumba inayotawaliwa na watoto hana tena cha kufuata. Mkunjaji akamsindikiza mpaka barazani, akamuaga kwa adabu zote, na hakuomba radhi.

Mume alimpeleka dada yake kituoni, akarudi uso umemshuka.

"Amesema nisikanyage kwake."

"Utakanyaga. Kesho Jumapili, hupaki rangi. Nenda."

"Niende kufanya nini?"

"Si anataka mtu wa kumsaidia? Kamchotee maji, kamfulie, kampangie duka. Aliyebebwa mgongoni ni wewe, siyo huyu mtoto. Nenda wewe."

Mume alimtazama mkewe kama mtu aliyepakwa rangi usoni bila kutarajia. Jioni nzima Mkunjaji akamwacha alivyo. Hakumlainisha kwa maneno wala kwa chai.

Jumapili asubuhi mwanamume alivaa suruali ya kazi, akaondoka bila kuaga. Alirudi jua limekwisha kutua, mikono imekunjamana kwa sabuni, mgongo ameushika. Dada yake hakumwambia neno siku ile, alisimulia, ila alimruhusu afue, na mchana alimsogezea sahani. Akajitupa kwenye kiti.

"Ndoo zake nzito, jamani. Na kisima kiko mbali."

"Eeh," akasema Mkunjaji, akimbadilisha mtoto nepi. "Na wewe ulitaka kumpelekea wa miaka minane."