Mama na Mtoto wa Chikanda

Karibu na Isongole, milima iliyotapikwa na moto wa ardhini imebaki kama visiwa katikati ya bahari ya mahindi. Kila mlima una vinyonga wake na maua yake, yasiyoweza kuvuka shamba kwenda mlima wa pili. Shuleni tulikariri visiwa vya volkano vya upande wa pili wa dunia. Vya kwetu hatukuambiwa, na sasa vinaliwa.

Vinaliwa kweli. Chini ya kila ua la chikanda, okidi ya mwituni, kuna viazi vidogo viwili. Wazambia huvitwanga na kuvipika na karanga hadi vigandamane kama mkate. Wanunuzi wa Tunduma hawashibi magunia, wala hawaulizi gunia limetoka mlima gani.

Tukuswiga, mjane wa Kindali, alichimba chikanda tangu utotoni. Milima mingine ilipokwisha, ukabaki Namwale, nao ndio uliowalisha watoto wake. Aliulinda kwa kanuni ya mama yake: kiazi kinono ni mtoto, mchukue, kilichosinyaa ni mama, mrudishe udongoni azae tena. Aliyebeba vyote viwili alimfukuza kwa mpini wa jembe.

"Shemeji, unazika tena?" Yesaya, mdogo wa marehemu mumewe, alimtania. "Basi tuanze pambio!"

"Cheka, mlafi wewe. Mwakani utakuja kuniomba."

Mwaka uliofuata mvua zilinyesha vizuri. Namwale ukaota nyasi tupu. Tukuswiga alipiga magoti akafukua alipokuwa amefukia. Mama wote walikuwa wameoza, ute mweusi unaonuka.

Kiazi kilichosinyaa hakizai. Kimeshamaliza kulisha ua lake. Ua la mwakani limo ndani ya kile kinono. Kwa uangalifu wake wote, Tukuswiga aliumaliza mlima sawasawa na walafi.

Yesaya alimkuta ameketi, matope hadi viwikoni.

"Mama aliniambia wanazaa."

"Wote tuliambiwa hivyo, shemeji."

"Na watoto watakula nini?"

"Ng'ambo ya Mto Songwe, kwa Wamalawi, bado ipo milima."

Walivuka asubuhi wakiwa na magunia ya Fatu, mnunuzi wao wa Tunduma. Mlima wa kwanza walioufikia ulikuwa umechanua mteremko mzima. Tukuswiga aliyatazama yale maua kwa muda mrefu. Kisha akainua jembe.