Ukurasa wa Mama wa Kumi na Saba

Kazi yangu ni kupiga mashini, yaani kuchapa. Niko na kompyuta moja, mashini moja ya fotokopi na kibanda cha mabati kwenye njia kubwa ya Dilala, pale taksi-moto, pikipiki za kukodi tunazoziita moto tu, zinapongojea watu. Wanafunzi wengi wa vyuo hawana kompyuta. Wanaandika kazi zao za mwisho kwa mkono, wananiletea karatasi, mimi naziingiza kwenye mashini na kuzitoa safi, zikiwa na jalada. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tano wa sekondari, lakini kwenye kibanda hiki nimepita chuo mara nyingi: nimesoma sheria, nimesoma kilimo, nimesoma mawe na udongo, yote kwa vidole. Nilikuwa najiambia siku moja nitaandika kitabu changu mwenyewe. Sikuona haya kuwaza hivyo, hata vumbi la malori likiwa limejaa kati ya herufi.

Mwaka huo aliniletea kazi mwanafunzi mmoja wa uuguzi. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, naye akaniita mudogo, yaani mdogo wake. Kazi yake ilikuwa juu ya kikohozi cha watoto wadogo ambao mama zao wanaosha mawe ya madini. Alikuwa amezunguka na daftari, akakaa kwenye viwanja vya mama thelathini, akawauliza mmoja mmoja. Aliwaahidi kutoandika majina, kwa hiyo kila mama alikuwa na namba. Kituo kimoja cha afya huko Fungurume kilikuwa kimemwekea nafasi ya kazi: akitetea kazi yake mbele ya walimu mwezi ule na kupita, anaanza. Asipopita, nafasi inaenda kwa mwingine. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, akicheka, kama mtu anayeonyesha nguo mpya.

Kazi za chuo zinaandikwa Kifaransa, na Kifaransa chake kilikuwa kama changu, cha kusukuma. Mwalimu wake alimruhusu tutumie ile programu ya akili bandia iliyo kwenye simu, ambayo wanafunzi wote wanaiita IA tu, kwa kunyoosha lugha. Kunyoosha, ndiyo. Kuongeza, hapana.

"Mudogo," akaniambia, "usibadilishe kitu ya bale bamama. Unasikia?"

"Nasikia, yaya."

"Hata kama banasema bibaya, acha bibaki bibaya."

Nikaanza. Mama wa kwanza, wa pili, wa tano. Nilikuwa napiga polepole, maana wengine walisema maneno mazito kwa sauti ndogo, na sauti ile ilikuwa inasikika hata kwenye mwandiko.

Sasa, fotokopi zilizoharibika mimi sizitupi. Nampa mama muuza mandazi wa jirani yangu, anafungia. Watu wa njia yetu wamekula mandazi juu ya sheria na juu ya kilimo, na hakuna aliyelalamika. Siku ya mwisho ya kupeleka kazi chuoni, umeme ulikuwa unakatika na kurudi, wanafunzi wamejipanga mpaka barabarani, kila mmoja anapiga kelele kwamba yeye ndiye wa kwanza. Nilikusanya karatasi mbovu chini ya mashini, nikampa mama fungu lote. Mchana nikafika kwa mama wa kumi na sita. Nikageuza. Chini yake alikuwa mama wa kumi na nane.

Nilitafuta juu ya meza, chini ya meza, ndani ya fulana yangu. Kisha nikakimbia kwa jirani.

"Mama, karatasi za leo ziko wapi?"

"Ziko mu matumbo ya batu, mwanangu." Wateja wake wakacheka. "Unataka mandazi ao unataka karatasi?"

Niliokota chache kwenye mtaro. Mafuta yalikuwa yamezipitia, hakuna hata moja yenye mwandiko wa yaya. Nilisimama pale na mikono inanuka mafuta. Kumpigia simu na kumwambia, nilipaswa. Nilimwona tu kichwani anavyocheka akitaja Fungurume, nikaogopa.

Nikaandikia ile programu: nipe ushuhuda wa mama anayeosha madini, mtoto wake anakohoa, mfupi, wa kawaida. Jibu likatoka kabla sijakaa vizuri. Mama alikuwa na moyo mzuri. Mtoto alikohoa majuma mengi, akapelekwa hospitali, akapewa dawa, akapona, sasa anasoma. Naapa, machozi yalinitoka kidogo kwa furaha ya yule mtoto. Nikaongeza hata mimi mwenyewe: sare yake mpya ya shule, na jinsi anavyotangulia wenzake njiani. Nilijiona mwandishi.

Yaya alifika anahema. Akahesabu mama zake: thelathini. Akatazama jalada, akatazama namba za kurasa, akaondoka na moto ili afike kabla ofisi haijafungwa. Mimi nikamwita mwanafunzi aliyefuata.

Siku ya kutetea alinialika. Familia yake ilishona kitambaa kimoja, na mimi nilipewa kopo la poda, ile tunayomwagia mtu akishapita. Alikuwa amewaalika pia wanne kati ya wale mama. Walikaa nyuma, wamejifunga vizuri, mikono kwenye magoti.

Walimu walikuwa watatu. Yule mkubwa wao, ambaye wote walimwita tata, yaani baba, alimsifu. Kisha akasema, "Hawa bamama banakaa tu, hatusikilizani nabo. Chagua moja, utusomee, halafu uitie mu Swahili nabo basikie."

Yaya hakufikiri mara mbili. "Nachagua mama wa kumi na saba, tata. Eko hapa, alikubali nimusome. Yake njo ilinilemea kuliko zote." Akamwonyesha kwa mkono: mwanamke mwembamba, kilemba cha bluu. Yule mama akainamisha kichwa kwa heshima.

Alianza kusoma Kifaransa kwa sauti ya juu. Mstari wa tatu, sauti ikashuka. Wa tano, akasimama.

"Endelea," mwalimu akasema. "Sasa mu Swahili."

Yaya akanitazama. Kisha akasoma kilichoandikwa, kwa sababu hakuwa na kingine mkononi: mtoto alipona, anasoma, ana sare, anatangulia wenzake njiani.

Mama akasimama polepole.

"Tata, musinikasirikie. Mwenye kupona ni mutoto wa nani?"

Akanyoosha mkono kwa yaya.

"Wangu nilimuzika. Huyu yaya nilimuambia, akalia na mi. Kama mu ile kitabu eko muzima, banionyeshe fasi eko, niende kumutwaa."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, nafikiri kwa kuogopa, akanyamaza. Mimi nikasimama na kopo langu la poda. Nilisema yote: karatasi, mandazi, simu, sare. Nilisema haraka, nilitaka iishe. Mwalimu mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, hakunifokea.

"Weye ulipiga," akasema. "Lakini jina juu ya jalada ni lake. Alipashwa kusoma mbele ya kuleta."

Walitoka, wakarudi. Yaya hakupita. Atarudi kipindi kijacho, na mama wote thelathini waulizwe upya, maana sasa hakuna anayeweza kujua maneno yapi ni ya mama na yapi ni ya simu. Ya mama ishirini na tisa yalikuwa ya kweli, kila neno. Mimi nilijua hivyo. Kujua kwangu hakukuwa na bei tena.

Nje, familia ilikuwa inakunja vitambaa walivyoleta kumtandikia njiani. Yaya alinivuta pembeni.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa, yaya."

"Ningepanda moto. Ningemukuta kwake, ningemuuliza tena. Asubuhi moja tu, mudogo. Asubuhi moja."

Siku chache baadaye tulienda kwa yule mama, upande wa Kingamyambo. Alitupa viti, yeye akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Yaya aliomba msamaha, kisha akamwomba aseme tena.

"Mi siko na kasirani na weye," mama akasema. "Lakini nilishamusema ule mutoto mara moja. Ya pili siwezi." Akanigeukia. "Na weye wa mashini. Ile sare ulimuvalisha, ni rangi gani?"

"Bluu na nyeupe, mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kipimo cha nguo. "Hakufika kuivaa," akasema. Akatuletea maji ya kunywa.

Kituo cha Fungurume kilimchukua mwingine.

Ile programu bado ninayo. Inanisaidia kunyoosha barua za watu, na mwenye barua akiwa amekaa mbele yangu namsomea mpaka mwisho kabla sijachapisha. Kitabu changu sijakianza.

Yaya amerudi kuzunguka na daftari. Siku umeme ukiwepo anakuja kibandani, anakaa kwenye kiti changu na kupiga mwenyewe, kwa vidole viwili, mwandiko wake umebanwa chini ya jiwe ili upepo usiuchukue. Kumwomba anipe hata ukurasa mmoja sithubutu. Akikwama, ananiuliza herufi iko wapi, namwonyesha kwa mbali. Jana alifika kwa mama wa kumi na moja.