Jasusi Aliyeombewa Matisi

Wamama wa kikundi chetu cha kanisa hapa Matisi, Kitale, hawatazami filamu, wanaihukumu. Jumapili moja baada ya ibada walijaa sebuleni kwangu, nikawawekea kisa cha kweli cha mwanamke aliyekuwa jasusi wakati wa vita, nami nikakaa kando ya televisheni kuwatafsiria Kiingereza. Mama yangu, ambaye nilikuwa nikiishi naye, alikuwa mbele kabisa. Kesho yake tungeshuka Bungoma akatolewe uvimbe tumboni. Alisema yote ni ya Mungu, lakini chakula kilikuwa hakimpiti kooni, na mimi usingizi ulikuwa umenihama.

Jasusi akakamatwa, akapigwa ili awataje wenzake.

"Si ataje tu aende nyumbani?" akasema jirani yetu muuza mboga. "Hao wenzake wako wapi saa hii?"

"Ati ataje?" Mama akamrukia. "Huyu ako na kifua, bana! Wewe ungeuza kijiji yote kwa kikombe ya chai."

Tulicheka, muuza mboga kuliko sote. Mara mwenyekiti wa kikundi akaniamuru nisimamishe filamu. Wakainuka, wakanyoosha mikono kuelekea televisheni, wakamwombea mfungwa ambaye vita vyake viliisha kabla hawajazaliwa. Ningewaambia, lakini hata mimi nilikuwa nimempenda. Ujasiri wake ulinitia haya, mimi ambaye siri hainikai hata chai ipoe.

"Huyu akitoka mzima," Mama akasema akiketi, "hata mimi kesho nitatoka."

Filamu iliishia mlango wa seli ukifungwa. Maandishi yakatokea: jina lake, miaka miwili yenye kistari katikati, na sentensi moja kwamba alipigwa risasi bila kumtaja mtu. Wote wakanigeukia.

"Aliachiliwa," nikasoma. "Akarudi kwao, akalima, akaona wajukuu."

Vigelegele vikapasua nyumba. Muuza mboga alilia wazi.

Asubuhi, kwenye benchi ya hospitali Bungoma, Mama alinivuta karibu.

"Kusoma sijui, lakini namba najua. Miaka mbili na laini katikati, hiyo iko kwa msalaba ya baba yako. Yule mama aliuawa."

Aibu ilinishika. "Mbona hukusema jana, Mama?"

"Ulikuwa umeogopa sana, mtoto wangu. Nikakuachia hiyo uongo ndio ulale."

Akanipa leso yake nimshikie, akaingia kwa madaktari bila kugeuka.

Alitoka mzima. Wamama wa Matisi bado humtaja yule jasusi katika shukrani zao, kwamba Mungu alimfungulia mlango. Mama huitikia amina kwa sauti, akinitazama, na mimi nimenyamaza hadi leo.