Skrubu Iliyoruka Ukweni Lugulu

Aibu niliyoipata Lugulu, hata nikiwahadithia leo masikio yanapata moto, lakini wacha niseme tu, maana mke wangu akiianza yeye ataongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa saa hapa Kitale. Siku hiyo tumeenda Lugulu, huko Bungoma, kwa kina Nekesa kuposa, nimevaa suti (ya kuazima, inabana makwapa), na mjomba wangu Wekesa ndiye msemaji wetu. Mambo yanaenda sawa kabisa mpaka baba yake Nekesa ananiuliza, "Ati wewe ni fundi wa saa? Hii yangu inasimama simama. Ni zawadi ya marehemu mama yangu."

Si ningesema naibeba Kitale? Lakini bana, mashangazi wote wananiangalia! Nikachomoa bisibisi ndogo mfukoni, ile mdomo wake umelika miezi mingi nikisema nitainoa kesho, nikafungua mfuniko, nikaona skrubu ya kushika mashine imelegea, nikasema moyoni, hii ni dakika moja. Bisibisi ikateleza. Nikakaza mkono. Ikateleza tena, nikakandamiza kwa nguvu zote, na twaa! Ikaruka, ikachora mstari mrefu kwenye mashine, na skrubu ikapaa!

Skrubu yenyewe ni kama punje ya simsim. Wazee wenye suti wakapiga magoti kwenye zulia. Shangazi mkubwa akapiga kelele, "Hakuna mtu kusonga!" Akachukua chujio, akachuja chai yote ya birika, ya watu ishirini! Nekesa amejifunika uso kwa leso, sijui analia ama anacheka.

Mjomba akasimama aniombee msamaha. Akanywa kwanza chai kidogo iliyokuwa tayari kikombeni mwake, kulainisha koo, halafu akatia kidole mdomoni.

"Nimeuma kitu," akasema.

Ilikuwa yenyewe!

Nyumba ililipuka kwa kicheko, lakini mzee hakucheka. Alifunga saa na skrubu kwenye kitambaa, akanipa. "Mtarudi hii ikitembea. Ndiyo tuongee."

Nikarudi Kitale nimenyong'onyea. Niliangalia ile bisibisi kwa lenzi: mdomo ulikuwa umeviringika kama kichwa cha njiti ya kiberiti! Ingeshikaje ule mfereji wa kichwani mwa skrubu? Nikainoa kwenye jiwe polepole, najaribu, nanoa, mpaka ikakaa ndani ya mfereji bila kucheza, na skrubu ikaingia yenyewe, bila nguvu.

Tuliporudi Lugulu, mzee aliweka saa sikioni kwa muda mrefu sana. Halafu akasema, "Shangazi, leta chai." Ule mstari haukutoka, uko mpaka leo, lakini Nekesa nilimpata.

Sasa kila asubuhi najaribu bisibisi zote, na inayocheza inaenda kwenye jiwe. Na ugenini? Nikiulizwa kazi yangu, nasema napanda mahindi.