Mgeni Niliyemwombea Dua

Nacheka peke yangu ninapoandika haya, Mungu anisamehe. Hapa Sugar Land, Marekani, nyumba ni ya binti yangu Salma, lakini chama cha wenye nyumba ndicho kinachoamua rangi ya mlango na urefu wa nyasi. Kuku ni marufuku. Mimi nilikuwa nao watatu uani, na Salma alinionya: "Baba, watu wa chama wakiwaona tu, kuku wanaondoka."

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alfajiri, nilimwomba Mungu aniletee mgeni, maana huku mchana kutwa hakuna anayebisha hodi. Saa nne akabisha mama mmoja wa Kimarekani, ameshika daftari. Alhamdulillahi! Hakumaliza hata kujitambulisha, nikawa nimeshamkalisha mbele ya chai ya tangawizi na mahamri.

"Naweza kuona uani?" akauliza.

"Utaona kote, mwanangu!"

Nikamwonyesha mchicha, akaandika. Nikamwonyesha kibanda cha kuku, akakipima urefu na upana. Moyo wangu ukajaa furaha: kumbe naye anataka kujenga chake! Nikamtajia kuku kwa majina, na nani hutaga zaidi. Akaomba kupiga picha.

Ndipo Salma, aliyerudi mapema kutoka kazini, akatokea mlangoni, mikono kichwani.

"Baba! Huyo ndiye mkaguzi wa chama!"

Wakati huo nilikuwa nimemwinua Bi Shemsa, kuku wa tatu, juu kabisa, ili picha itoke safi.