Nyumba Niliyoipamba Hadi Ikanyimwa Madirisha

Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote sijawahi kuona mtu akianguka mtihani kwa kuficha majibu sahihi. Wa kwanza kufanya hivyo nilikuwa mimi mwenyewe, nimeshastaafu, mama yangu akinitazama.

Nyumba yetu iko juu ya mteremko, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Kapkatet, na upande wa mashariki imepakana na majani chai. Baba aliijenga enzi zile bonasi ya chai ilikuwa bonasi, na kwa kuwa aliipenda hewa safi aliipa madirisha mengi kuliko nyumba yoyote ya jirani. Yalikuwa yale madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo. Chuma kilikuwa kimeshika kutu, kimejikunja, na hakukuwa na hata dirisha moja lililofunga hadi mwisho. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao. Mvua ikinyesha ulikuwa unavimba hadi tunausukuma kwa bega, na jua la Januari likiwaka ulisinyaa hadi kifaranga kikapita chini yake bila kubisha. Ukungu ukipanda asubuhi kutoka kwenye chai ulikuwa hauishii nje. Ulikuja ukakaa na sisi sebuleni.

Mama amepita miaka themanini, kwa kiasi gani hakuna anayejua. Tangu mke wangu aende Nakuru kutulelea mjukuu, tumebaki wawili. Mama ana kifua. Kila Julai kinamkamata, na Julai ya mwaka juzi kilimlaza hospitalini siku tisa. Daktari alipomruhusu kutoka alinivuta kando akaniambia mambo mawili: mama asikae kwenye moshi, na asikae kwenye baridi. Nikaitika, "Sawa, daktari," kwa sauti ya mtu mwenye nyumba tatu. Ukweli ni kwamba tulikuwa na mahali pawili tu. Kuna jikoni, kibanda cha kando chenye joto na moshi, na kuna nyumba kubwa, isiyo na moshi na yenye baridi ya kutosha kuweka maziwa siku tatu. Mama alishinda akihama. Akichoka kukohoa kwa moshi, anakuja nyumba kubwa kukohoa kwa baridi.

Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka jana, tangazo lilipotolewa kwenye baraza la chifu, nilikaa mstari wa mbele. Afisa mmoja alisimama akasema serikali imeona tunamaliza miti. "Mnakata kuni, mnawasha moto kwa nyumba, halafu joto yote inatoka dirishani inaenda kupasha ng'ombe ya jirani," alisema, na watu wakacheka kwa sababu ilikuwa kweli. Serikali ingelipa sehemu kubwa ya gharama ya kubadilisha madirisha na milango kwa wanaoishi na wazee au wagonjwa, ili joto libaki ndani na kuni zipungue. Unajaza fomu, kisha mkaguzi anakuja kuona. Nyumba iliyo na hali mbaya zaidi itashughulikiwa kwanza. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu yote mawili, na namwomba msomaji akumbuke hivyo, kwa sababu mimi niliyasahau.

Fomu niliijaza mezani kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa ubaoni. Kulikuwa na swali moja: eleza hali ya madirisha na milango yako. Nilifikiri kidogo. Mkono wangu, ambao umejaza ripoti za watoto kwa miaka thelathini na mmoja, haukufikiri. Uliandika wenyewe: "Inaridhisha, ingawa ipo nafasi ya kuboresha." Nikasoma tena, nikaona ni sentensi nzuri, imenyooka. Sikuifuta.

Wiki chache baadaye ujumbe uliingia kwenye simu kwamba mkaguzi angefika Alhamisi. Basi hapo ndipo nilipopagawa. Kwetu, mgeni akisema anakuja, nyumba haiwezi kuachwa ilivyo. Watu wakija kuposa, hata njia anayopita ng'ombe inafagiliwa, na binti mwenyewe anasahaulika huku watu wanapaka rangi. Na huyu hakuwa mgeni wa posa. Huyu alitumwa na serikali, na angeandika. Sikulala vizuri nikiwaza ataandika kwamba mwalimu anaishi kwenye nyumba inayopitisha kuku.

Nilinunua puti nikajaza kando ya kila kioo. Nilipigilia mpira wa tairi kuukuu chini ya mlango. Zile nyufa kubwa za chumba cha Mama puti ilikataa kuzishika, kwa hiyo nilichukua suruali ya suti niliyovaa siku ya kunistaafisha, nikaichana vipande virefu, nikavisokomeza kwa kisu cha jikoni, kisha nikavipaka rangi ya krimu hadi vikaonekana ukuta. Jirani aliniazima mapazia mazito na zulia. Vitambaa vya makochi vilifuliwa na kunyooshwa kwa wanga. Kuni zilizorundikana barazani nilizihamishia nyuma ya zizi nikazifunika kwa nailoni, na lile jiko tunalojaza makaa ya kuni ili kuota moto sebuleni nikalipeleka kwa ng'ombe.

Mama alinitazama siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza kwa Kipsigis, lugha yetu ya nyumbani, "Huyo mtu anakuja kuona nini?"

"Kuona hali ya nyumba."

"Basi mbona unaificha?"

Nikamwambia, kwa ile sauti niliyowatolea wazazi waliokuja shuleni kuuliza maswali, kwamba haya ni mambo ya serikali na yana utaratibu wake. Akanyamaza. Nilifurahi kwamba amenyamaza, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka.

Alhamisi asubuhi nilimpa tangawizi na asali, nikamvalisha gauni la kanisani na sweta jipya, nikamketisha kwenye kochi lililo mbali na dirisha. Kisha nikainama nikamwambia, "Mama, mgeni akiwa hapa jikaze kidogo. Usikohoekohoe." Aliitika kwa kichwa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana mwenye gambuti na faili, na kijiti cha udi mkononi. Alimsalimu Mama, "Chamgei, Kogo," yaani alimwita bibi, kama inavyompasa mtoto mwenye adabu. Akawasha udi akausogeza kando ya dirisha la sebule. "Moshi ikipinda," alinieleza, "basi upepo inaingia." Moshi ulipanda wima kama askari kwenye gwaride. Tukaenda dirisha la pili, ukapanda wima. Tukaenda chumba cha Mama, na pale suruali yangu ilifanya kazi ambayo haikuwahi kuifanya ikiwa kiunoni. Nilijihisi kama mzazi ambaye mtoto wake anakariri mashairi mbele ya watu.

"Mwalimu, mnatumia kuni mingi?"

"Kidogo tu, madam. Za kupikia chai."

"Na hii baridi ya huku?"

"Baridi gani?" nikacheka. "Sisi tumezaliwa hapa. Tumezoea."

Alikuwa anaweka alama kwenye karatasi yake. Nilichungulia nikaona ni alama za vema, zinashuka kutoka juu hadi chini bila hata mkasi mmoja wa kosa, na mwalimu akiona vema moyo wake haumuulizi swali lilikuwa gani. Nikamkaribisha kuku na mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Alikula vizuri. Mama alikaa kwenye kochi lake, midomo imefungwa, mikono imeshikana mapajani, na kila alipoulizwa jambo alitabasamu. Nikasema moyoni, tazama alivyo mtulivu leo, labda ni ile tangawizi.

"Mwalimu, nyumba yako iko poa kuliko zote nimeona wiki hii," mkaguzi aliniambia akiaga. Nilimsindikiza hadi barabarani kifua mbele.

Niliporudi, sebuleni hapakuwa na mtu. Mama alikuwa chumbani, amepiga magoti kando ya kitanda, ameuma pembe ya blanketi, na mwili wote unatikisika. Alikuwa amekishika kile kikohozi kwa muda wote wa ukaguzi na muda wote wa kuku. Kilipotulia alifuta macho akaniuliza, "Tumepita?"

"Tumepita, Mama. Sana."

Barua ilikuja mwezi uliofuata. Niliisoma kwa sauti nimesimama, Mama akisikiliza. Ilisema mwombaji anapongezwa kwa kuitunza nyumba yake vizuri. Nilisimama hapo kidogo, nikamtazama Mama ili aone ninavyopongezwa. Kisha nikaendelea: kwa kuwa nyumba haipotezi joto, ombi halikukubaliwa. Nilirudia kusoma mstari huo mara tatu, nikitafuta mahali mwandishi alipokosea.

Mvua za Aprili zilikuja na ukweli wote. Puti niliyoinunua ya bei rahisi ilidondoka vipande vipande. Jirani alikuja kuchukua mapazia yake. Mbao ya mlango ikavimba ikang'oa mpira wa tairi. Upepo ulisukuma yale matambara hadi mguu mzima wa suruali ukatokeza nje na kuning'inia kwenye dirisha la Mama, upande wa barabarani. Waliokuwa wakipeleka majani chai kwenye kituo cha kuuzia walinipungia mkono kwa heshima zaidi kuliko kawaida. Mei, kabla hata ya msimu wake, kifua kilimkamata Mama. Safari hii niliogopa. Nilikaa kando yake siku nne, nikisikia upepo ukipita kwenye suruali yangu, na nikajua kwamba akifa, nitakuwa nimemuua kwa rangi ya krimu.

Alipopata nafuu nilipanda gari hadi Kericho, kwenye ofisi yao. Aliyekuwa kaunta ni mkaguzi yule yule. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini nilipofungua mdomo ilitoka kwa kifupi.

"Madam, nilificha."

"Ulificha nini, Mwalimu?"

"Nyumba."

Nikamweleza yote: puti, suruali, jiko kwa ng'ombe. Alicheka hadi akaweka kalamu chini. "Mwalimu, si wewe peke yako," alisema. "Huko Sigor kuna mzee alinunua dirisha mpya kabisa, ndio nisione ile mbaya." Sikuwahi kumpenda mtu nisiyemjua kama nilivyompenda mzee huyo wa Sigor. Akaniambia nijaze fomu nyingine, naye atakuja tena. "Lakini hii mara sikuambii siku."

Alikuja Jumanne moja ya Juni. Mimi nilikuwa natoka kukama, nimevaa koti lililotoboka viwiko. Kuni zilikuwa barazani, jiko linawaka sebuleni, na suruali inapepea. Nilimkaribisha ndani, na nakuapia sikukusudia, lakini mkono wangu ulienda wenyewe kwenye pazia letu la zamani kulivuta lifunike lile pengo.

"Mwalimu," alisema, "wacha hiyo pazia."

Nikaliacha. Akawasha udi. Moshi haukupanda hata kidogo, ulilala na kukimbilia mlangoni kama mtu aliyesahau kitu nje. Akaandika. Akapima pengo la chini ya mlango kwa vidole vyake, akaandika tena. Kisha akavuta kigoda akakaa karibu na Mama, aliyekuwa amejifunika blanketi kando ya jiko.

"Kogo, kifua iko aje?"

Mama hakujibu. Midomo yake ilikuwa imefungwa, mikono imeshikana mapajani, na macho yamejaa maji. Alikuwa ananitazama mimi. Nilidhani anataka maji ya kunywa, nikaanza hata kugeuka. Ndipo nilipolielewa lile jicho, kwa sababu nimeliona miaka thelathini na mmoja kwenye madawati ya nyuma. Lilikuwa la mtoto anayengoja ruhusa ya kutoka nje.

"Kohoa, Mama," nikasema. "Kohoa tu."

Akakohoa. Ilichukua muda mrefu. Mkaguzi alimshika mgongo akangoja, na mimi nikasimama katikati ya sebule na ndoo yangu ya maziwa. Nimeona aibu nyingi maishani, nyingi nikijitafutia mwenyewe, lakini ile ilinifanya nitamani kukaa chini.

Fundi alikuja kabla ya mwezi kwisha. Aling'oa chuma chote cha Baba akaweka madirisha ya alumini yenye mpira pembeni, na mlango unaofunga kwa kidole kimoja. Alipofika chumba cha Mama alivuta vipande vya suruali, akaviunganisha sakafuni, akaniuliza kama kulikuwa na koti lake pia. Siku hizi rundo la kuni linakaa zaidi ya mara mbili ya zamani, na jioni tunaota jiko kidogo tu kisha tunalitoa nje. Julai ilipita bila hospitali. Mama ana chumba chake, hana moshi wala baridi, na daktari akiniuliza namjibu bila kudanganya.

Akiwa na mimi peke yangu anakohoa anavyotaka. Lakini mgeni akiingia na koo likimwasha, hunitazama kwanza.